Balbu Nyeupe Kama Mchana, Barabara Haionekani

REHEMA: Haya, karibuni tena. Mimi ni Rehema, na pembeni yangu yupo Fundi Salehe kama kawaida. Leo naanza kwa kukiri kosa. Nilinunua balbu za taa za mbele, zile zenye kioo cha bluu, boksi linajisifu kwamba mwanga wake ni mweupe kama mchana. Nikazifunga mwenyewe, nikajipongeza. Usiku wa kwanza wa mvua nimeinamia usukani kama bibi anayetunga uzi kwenye sindano.

SALEHE: Lakini ulipoziwasha gari likiwa limesimama zilipendeza, au siyo?

REHEMA: Mno! Mpaka nikapiga picha.

SALEHE: Basi zinampendeza anayelitazama gari. Wewe uliye ndani hazijakusaidia. Halojeni ya kawaida, yaani hii balbu ya uzi iliyozoeleka kwenye magari, mwanga wake una unjano kidogo, kwenye kelvini 3200 hivi, hicho ni kipimo cha rangi ya mwanga. Ile rangi ya bluu kwenye kioo ni chujio. Inazuia sehemu ya unjano na wekundu, kinachopita unakiona cheupe. Uliozuiwa ndiyo umepotea, haukufika barabarani. Mtengenezaji akitaka kufidia, anaufanya uzi wa ndani uwake kwa joto kali zaidi, na uzi wa namna hiyo hauishi siku nyingi.

REHEMA: Kwa hiyo nimelipia chujio.

SALEHE: Umelipia chujio, dada yangu. Pole.

REHEMA: Sasa nikienda dukani nisome nini kwenye boksi?

SALEHE: Herufi na namba kwanza. H1, H4, H7, H11. Watu wanadhani H7 ni kali kuliko H4 kwa sababu saba ni kubwa kuliko nne. Hapana. Hayo ni majina ya maumbo: kitako kikoje, miguu mingapi, uzi umekaa wapi. H4 ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, wati 60 ya fuli, yaani mwanga wa mbali, na wati 55 ya dimu, mwanga wa karibu, ina miguu mitatu. H7 ina uzi mmoja wa wati 55 na miguu miwili, kwa hiyo ukiikuta kwenye dimu, mara nyingi fuli ina balbu yake pembeni. Huwezi kuzibadilishana hata kwa kulazimisha.

REHEMA: Na watu wanalazimisha.

SALEHE: Nimewahi kukuta balbu imefungwa kwa waya wa uzio. Tuendelee tu.

REHEMA: Nikisema jina la gari langu dukani haitoshi?

SALEHE: Mara nyingi haitoshi. Gari lilelile la mwaka tofauti linaweza kuwa na taa tofauti kabisa. Soma kitabu cha gari, au toa balbu ya zamani usome maandishi kwenye kitako. Angalia na volti pia: magari madogo ni 12, malori mengi ni 24. Ukiweka ya 12 kwenye 24 itawaka kufumba na kufumbua, kisha inaungua.

REHEMA: Wati je? Kuna za 100. Mimi nilifikiri kama sioni, niongeze wati.

SALEHE: Hapo ndipo soketi zinapoyeyuka. Wati 55 kwa volti 12 ni chini kidogo ya ampea 5. Wati 100 inavuta zaidi ya 8. Waya, swichi na soketi vilipimwa kwa ile ya kwanza. Tena joto linababua reflekta, kile kibati kinachong'aa ndani ya taa, na reflekta ikishafifia hata balbu nzuri haitakusaidia.

REHEMA: Reflekta hiyo unaitaja kama ndiyo taa yenyewe.

SALEHE: Ndiyo taa yenyewe! Siku moja ishike H4 mkononi, kwenye kitako lakini, uitazame kwa karibu. Chini ya uzi wa dimu utaona kikombe kidogo cha bati. Kinauzuia mwanga usishuke kwenye nusu ya chini ya reflekta, maana nusu hiyo ingeurusha juu, machoni mwa anayekuja mbele yako. Uzi wa fuli hauna kikombe, ndiyo maana fuli inamulika mpaka vileleni mwa miti. Yote hiyo imepigiwa hesabu kwa uzi uliokaa mahali fulani. Uzi ukisogea milimita moja tu, mchoro wa mwanga umeharibika.

REHEMA: Mbona sasa umenijibu swali la LED kabla sijauliza. Msikilizaji mmoja ametuandikia, anataka kutoa halojeni aweke LED kwenye taa zilezile.

SALEHE: LED haina uzi. Ina vipande vidogo vya mwanga vilivyobandikwa pande mbili za kijiti. Kama havikukaa palepale ulipokuwa uzi, na vya bei rahisi mara nyingi havikai, utapata mwanga mwingi sana karibu na bampa na mwingine machoni mwa wenzako, kule mbali giza. Zipo zilizotengenezwa kwa uangalifu. Ujerumani ilianza kuruhusu baadhi mwaka 2020, lakini kila balbu ina orodha ya magari na taa ilizopimwa nazo. Nje ya orodha, hairuhusiwi. Nchi nyingi hazijaruhusu kabisa, kwa hiyo aulize sheria ya kwao kabla ya kutoa pesa. Gari lililotoka kiwandani na taa za LED ni habari nyingine, hilo limeundiwa hivyo.

REHEMA: Haya, nimeshanunua balbu ya maana. Nafungua boneti.

SALEHE: Kabla ya hapo. Umejuaje kama ni balbu? Zikizima zote mbili kwa pamoja, shuku kwanza fyuzi, rilei (ile swichi ya umeme inayowasha taa) au swichi yenyewe. Ikizima moja, itoe uitazame: uzi umekatika au kioo kimefuka weusi, ni yenyewe. Kama uzi ni mzima, angalia plagi, huenda imeungua au ina kutu. Na kama kila baada ya muda mfupi unanunua balbu, pima chaji injini ikiwa inawaka. Volti ikizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu yanapungua karibu nusu.

REHEMA: Sawa. Ni balbu.

SALEHE: Zima taa, zima injini, subiri ipoe. Piga picha kwa simu jinsi kila kitu kilivyokaa. Toa mfuniko au mpira wa nyuma, vuta plagi yenyewe, usivute waya. Ikigoma itikise kushoto na kulia taratibu. Halafu kuna klipu ya waya, unaibonyeza na kuisogeza pembeni. H11 haina klipu, unaizungusha kidogo inatoka.

REHEMA: Hiyo klipu! Yangu iliruka ikaangukia ndani ya taa. Nilikaa saa nzima na sumaku na kipande cha waya.

SALEHE: Kila fundi ana hadithi hiyo. Balbu mpya ishike kwenye kitako, kioo usikiguse. Kikiwaka kinafika nyuzijoto mamia, mafuta ya kidole yanaungulia pale na kufanya doa la moto, kioo kinadhoofika. Umegusa? Futa kwa spiriti na kitambaa safi, acha ikauke. Ikiingia, vile vimasikio vya kitako vikae kwenye nafasi zake, balbu isicheze. Funga klipu, rudisha plagi, washa ujaribu, ndipo urudishe mpira. Usiuache mpira, vumbi na unyevu vitaingia.

REHEMA: Nibadilishe zote mbili hata kama moja bado inawaka?

SALEHE: Zimezaliwa siku moja, zimefanya kazi sawa. Badilisha zote, ile nzima iweke kwenye gari kama akiba. Ila kuna magari mpaka utoe betri au bampa ndipo uione balbu, hayo mpelekee fundi, hakuna aibu. Na ukiona taa za xenon, zenye balbu zinazoanza na D, usiguse. Wakati wa kuwaka zinapigwa volti maelfu kwa maelfu.

REHEMA: Na kioo cha mbele cha taa kikishapata unjano?

SALEHE: Hicho ni plastiki imechomwa na jua. Msasa laini na maji, kisha dawa ya kukinga jua, vinginevyo unjano unarudi. Dawa ya meno ni ya kupiga picha ya kuuzia gari.

REHEMA: Mwisho, nitajuaje nimefunga sawa?

SALEHE: Kabla ya kutoa za zamani, simamisha gari sehemu tambarare mbele ya ukuta, mita kumi hivi ukipata nafasi. Washa dimu, bandika selotepu pale mwanga unapokatika, kushoto na kulia. Ukishafunga mpya, rudi palepale utazame. Mstari ukiwa umepanda, au upande mmoja umepinda, usikimbilie skrubu za kurekebisha taa. Fungua tena uangalie balbu, kisikio kimoja hakijaingia.

REHEMA: Subiri. Zangu, upande wa kulia, mwanga unakwenda juu kwenye paa la jirani.

SALEHE: Tangu lini?

REHEMA: Tangu nizifunge.

SALEHE: Rehema! Kumbe bluu tunaisingizia nusu ya kesi.

REHEMA: Nipe tochi yako. Na selotepu.