Jinsi ya kuchagua na kupanga ukumbi wa mkutano wa biashara Kigoma

Haya ndugu zangu, karibuni. Leo nipo Mwanga, hapa Kigoma mjini, kwenye ukumbi ambao kesho mchana wanakutana wafanyabiashara wa mawese, watu 40. Mimi nakodisha viti, meza, projekta na spika. Kumbi za mji huu nimeingia nyingi, na nyingine nimewashauri wateja wangu waziache.

Bei na choo mtaangalia wenyewe, hilo halihitaji video. Mimi naanza na dirisha. Sogeza kamera huku, mdogo wangu. Mnaona? Haya madirisha yote yanatazama ziwani. Kwetu Tanganyika iko magharibi, kwa hiyo asubuhi dirisha la ziwani ni raha tupu, lakini mchana ukigeuka jua linaingia hapohapo. Na jua la huku linachelewa. Likishazama Dar es Salaam, sisi tunabaki nalo kama dakika 40 zaidi. Mgeni wa kutoka kule anaweka mada ya mwisho saa kumi na moja akijua jua limelegea, kumbe huku bado linachoma.

Kuna siku nilielekeza projekta kwenye ukuta unaotazamana na madirisha ya ziwa. Nilikuwa nimekagua saa tatu asubuhi, picha safi kabisa. Saa kumi jioni mama mmoja wa kikundi cha dagaa akasimama na hesabu zao za mwaka, ukuta ukawa mweupe pee, hakuna namba inayoonekana. Ikabidi asome mstari kwa mstari kwa mdomo, na wanunuzi wakaanza kuchungulia simu. Yule mama alikuwa ameziandaa wiki nzima. Iliniuma sana. Kwa hiyo nawaomba: kagua ukumbi saa ileile ambayo mkutano utakuwepo. Mkutano wa alasiri usiukagulie asubuhi.

Ukubwa. Watu wakikaa kwenye viti vitupu, mita moja ya mraba kwa kila mtu inatosha. Ukiweka na meza za kuandikia, hesabu mbili. Ukitaka meza zizunguke wote waonane, sogea karibu na tatu. Huu una mita 10 kwa 9, ni 90, kwa hiyo watu 40 na meza wanaenea, ila mzunguko hapana. Meza tunapanga mistari, lakini mimi sipendi mistari iliyonyooka kama darasani. Naielekeza katikati kidogo kila upande, kama miiba ya mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani. Hivi, ona. Muuzaji wa Kasulu anamwona usoni mnunuzi wa upande wa pili bila kuvunja shingo. Katikati acha njia ya mtu kupita na sinia la chai.

Juu kuna dari? Hapa ipo, nzuri. Kama ni bati tupu na mkutano uko kati ya Novemba na Aprili, tafuta kwingine. Mvua ikianza kupiga, hata spika zangu haziwezi kushindana nayo.

Projekta sasa. Picha inakwenda ukuta wa kaskazini, madirisha yabaki ubavuni. Chukua kimo cha picha, zidisha mara sita, mtu wa mwisho asipite hapo. Yangu ina kimo cha mita moja na nusu, kwa hiyo mita tisa ndiyo mwi... Ngoja. Imezima. Usikate, waache waone. Umeme upo, feni zinazunguka. Ni hii soketi, tazama plagi inavyocheza. Soketi inayocheza usiibembeleze na karatasi, itaunguza. Tunavuta ekstensheni kutoka ule ukuta mwingine, waya unapita ukingoni, unabanwa na solotepu pana mtu asijikwae. Na birika la umeme lisichomekwe kwenye ekstensheni ya projekta, lile peke yake linakula kama wati 2,000. Chai ikae barazani. Migebuka ya kukaanga pia barazani, naipenda mno lakini harufu yake ndani ya ukumbi inamaliza kikao kabla ya mwenyekiti.

Tazameni, saa kumi kasoro robo, jua limeanza. Lile pale, limeshafika meza ya pili. Ndiyo maana nimekuja muda huu. Funga mapazia, mdogo wangu. Yote. Sasa angalieni hapa yanapokutana, pameachia mwanya wa vidole vitatu, na mwale wote unakwenda kwenye picha. Mwanya huu unatosha kufuta namba. Chukua vibanio vya nguo, bana juu, katikati na chini. Chini usisahau, maana feni inapeperusha pazia na mwanya unarudi. Narudia, bana na chini.

Nenda kakae kiti cha mwisho kabisa, kule pembeni. Nimeweka jedwali la bei za madumu. Unasoma?

"Nasoma, dada. Mstari wa chini tu ndio mdogo."

Basi huo namwambia mteja leo leo aukuze. Lete vibanio vilivyobaki, bado madirisha mawili.