Aliyezima redio

Zuhura: Asalaam aleikum, karibuni tena. Mimi Zuhura.

Elia: Na mimi Elia. Leo tunaongelea safari, hasa pale inapokuharibikia na anayekuokota si wa dini yako.

Zuhura: Na ukianza na methali ya mgeni njoo, nazima maikrofoni.

Elia: (anacheka) Basi anza wewe.

Zuhura: Basi letu liliharibika usiku, mvua inanyesha, simu imezima. Mama mmoja akatuchukua mimi na binamu yangu tukalale kwake. Kuingia, ukutani msalaba, pembeni picha ya Bikira Maria. Nikajikunyata kitini kama kifaranga kilicholowa.

Elia: Uliogopa?

Zuhura: Wala. Nilikuwa napiga hesabu. Nitasemaje kwamba nataka kuswali, na kibla sijui kiko upande gani? Mtu kakupa pa kulala, halafu na wewe unaleta masharti!

Elia: Ikawaje?

Zuhura: Nikaomba maji ya kutawadha, kwa sauti ya mtu anayekopa. Yule mama hakuuliza kitu. Kaleta maji, katandika shuka safi sakafuni, halafu kaenda kuzima redio. Watoto wakaambiwa wanyamaze, mgeni anasali. Kitanda chenyewe nimeshakisahau. Ule mkono kwenye redio ninao mpaka leo.

Elia: Maana kitanda angempa yeyote.

Zuhura: Ee! Kitanda alimpa mtu aliyelowa. Ukimya alimpa Mwislamu.

Elia: Ngoja nikupinge kidogo, dada. Mimi niliwahi kupewa lifti na mtu wa dini nyingine, nikahubiriwa njia nzima. Saa tatu! Nilishuka nimechoka kuliko aliyetembea.

Zuhura: Pole. Lakini alikufikisha?

Elia: Alinifikisha, na hela ya mafuta akaikataa. Ndiyo maana mpaka leo sijui nimweke fungu gani. Najiuliza, ningemwambia imetosha, angeniteremsha?

Zuhura: Ulimwambia?

Elia: Sikumwambia.

Zuhura: Basi unamhukumu kwa kosa ambalo hajalifanya, kaka.

Elia: Haya, nimekubali nusu. Juzi nilirudia Matendo ya Mitume, sura ya 27 na 28. Meli inavunjika Malta, ina watu 276: mabaharia, askari, wafungwa, na Paulo ni mmoja wa wafungwa. Wenyeji wa kisiwa wana dini yao. Wanawasha moto kwa sababu kuna mvua na baridi, wanawakaribisha wote. Nyoka anamuuma Paulo, wenyeji wanasema huyu bila shaka ni muuaji. Wanangoja avimbe, havimbi, wanageuza: huyu ni mungu!

Zuhura: Wamekosea mara mbili.

Elia: Mara mbili, na moto wao bado unawaka. Hicho ndicho ninachokipenda. Hawakungoja wamwelewe kwanza.

Zuhura: Na mimi nina wangu. Mwaka 622 Mtume, rehema na amani zimshukie, anahama Makka na sahaba wake Abubakar, wamejificha pango la Thaur. Wakureshi, wakubwa wa Makka, wametangaza ngamia 100 kwa atakayemkamata. Anayekuja na ngamia wa safari baada ya siku tatu kuwaonyesha njia ya Madina ni Abdullah bin Urayqit, na wakati huo hakuwa Mwislamu.

Elia: Lakini huyo alilipwa.

Zuhura: Alikodiwa, ndiyo. Ila pango alilijua. Angenyoosha kidole tu, ngamia 100 wake.

Elia: Basi hapo wasafiri ndio waliomwamini yeye.

Zuhura: Na mimi kwa yule mama vilevile. Nililala kwake, Elia. Usingizi mzito.

Elia: Kuna moja siwezi kuisimulia kwa mzaha. Tarehe 21 Desemba 2015, basi linatoka Nairobi kwenda Mandera, kaskazini-mashariki mwa Kenya. Mwaka mmoja nyuma, kwenye basi lililotoka Mandera, al-Shabaab waliwatenga wasio Waislamu na kuua watu 28. Kwa hiyo waliposimamisha hili karibu na El Wak, kila abiria alijua kinachofuata.

Zuhura: Wanawake wa Kiislamu wakawapa Wakristo mitandio yao.

Elia: Wakaambiwa wajitenge, wakagoma: tuueni sote au mtuache. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mwislamu, na wengi wa aliowakinga hakuwahi kuwajua.

Zuhura: Mimi huwawaza waliopokea ile mitandio. Umekaa na mtu kiti kimoja kutwa nzima, pengine hata jina hamjaulizana, mara anakufunga kitambaa kichwani mikono inamtetemeka. Utasema nini? Ahsante haitoshi.

Elia: Haitoshi.

*(kimya kifupi)*

Elia: Yule mama wa msalaba ulimwambia nini asubuhi?

Zuhura: Ahsante mama, mara kama sita hivi. Mume wake hakunijibu salamu vizuri. Nikadhani ni mambo ya dini.

Elia: Kumbe?

Zuhura: Binamu yangu ndiye aliyenifumbua njiani. Kwenye ile redio kulikuwa na mpira.

Elia: Walizima mpira?

Zuhura: Dakika ya 80, moja kwa moja.

Elia: Mungu wangu! Huyo mzee naye tumwombee.