Rubani wa Malindi na theluji ya Athmani

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Leo tulikuwa tumeandaa mambo matano ya kumfaa mtu anayefikiria kukodi mwongozaji, nami ninayo kwenye karatasi hii, lakini kwanza nieleze kilichoninyima usingizi Jumanne. Mdogo wangu Athmani, yule aliyeoa Courmayeur kule Italia, alinipigia simu saa tano usiku akaniomba nusu ya ujira wa mwongozaji wa milimani. Yeye na wenzake wawili wanataka kupanda kwa gari la waya hadi Punta Helbronner, mita 3,466, kisha wateremke kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, kupitia bonde la Vallée Blanche hadi Chamonix, upande wa Ufaransa.

KOMBO: Ni Athmani huyu huyu aliyekuwa akiogopa maji ya magoti pale Mayungu?

ZUHURA: Ni huyo huyo, ila kuteleza sasa anakujua. Tatizo ni kwamba huko si kwenye njia iliyosawazishwa kwa mashine na kuwekewa walinzi. Ni mto wa barafu wenye nyufa ndefu, na theluji imezifunika kama mkeka uliotandikwa juu ya kisima. Wenzake wanasema hawamhitaji mtu, watafuata alama za waliotangulia.

KOMBO: Alama hazinishawishi, maana aliyetangulia huenda naye alikuwa amepotea. Hata hivyo pesa nisingetuma.

ZUHURA: Kombo, sisi ni watu wa Malindi! Mwaka 1498 Vasco da Gama alikuja na merikebu zake, hajui njia ya kwenda India, akapata rubani hapa hapa. Aling'oa nanga tarehe 24 Aprili, na baada ya siku 23 wakaiona nchi kavu. Unataka ushahidi gani zaidi wa faida ya mwongozaji?

KOMBO: Nataka kujua rubani huyo alilipwa nini.

ZUHURA: Hilo si la maana.

KOMBO: Ndilo la maana, dada yangu, kwa kuwa tunazungumzia ujira. Shajara ya safari ile inasema rubani alichelewa kuletwa, basi da Gama akamzuia merikebuni mtumishi wa mfalme wa Malindi mpaka akatumiwa rubani. Kwa hiyo hakukodi, aliteka. Sasa Athmani amteke nani kule Courmayeur?

ZUHURA: Labda amteke mkwewe. Lakini tazama da Gama alivyorudi. Aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kabla kaskazi haijaanza kuvuma sawasawa, akasota baharini karibu miezi mitatu, watu wake wakafa kwa kiseyeye, hata akafika kuichoma merikebu yake moja kwa kukosa mabaharia wa kuiendesha. Mtu wa pwani yetu angemwambia angoje.

KOMBO: Hapo umenisaidia. Kilichomvusha Aprili ni upepo wa kusi, na kilichomkwamisha Oktoba ni kukosa upepo. Rubani ametwaa sifa ya upepo kwa zaidi ya miaka 500, na wengine wamempa hata jina la Ibn Majid, yule baharia mashuhuri wa Kiarabu, jambo ambalo wanahistoria wengi hawalikubali.

ZUHURA: Na nani aliyejua kuwa Aprili ndiyo wakati wake? Upepo haukumwambia.

KOMBO: Kila mvuvi alijua. Ninachosema ni kwamba elimu hiyo hujifunzwa. Wanaotusikiliza siku zote wanaikumbuka safari yangu ya hori la Mida, nilipoingia kwenye mkondo bila nahodha.

ZUHURA: Ukakaa juu ya fungu la mchanga ukingoja maji yajae.

KOMBO: Nilikaa saa sita, na tangu siku hiyo naijua Mida kuliko niliowahi kuwalipa. Ukishamlipa mtu, macho yako unayafunga na kumkabidhi yeye.

ZUHURA: Fungu lilikusubirisha, Kombo. Poromoko la theluji halina subira. Aliyezikwa ana kama dakika 15 za matumaini makubwa, kisha nafasi ya kutolewa hai inashuka kwa kasi. Na mara nyingi poromoko linaloua limeanzishwa na aliyezikwa mwenyewe au mwenzake wa msafara. Kule hutolewa taarifa ya hatari kwa ngazi kuanzia 1 hadi 5, lakini namba inaeleza eneo zima, haikuambii lolote kuhusu mteremko ulio mbele yako. Huo husomwa na mtu aliyeusoma kila msimu.

KOMBO: Na akizikwa yeye mwongozaji, ndani ya dakika hizo 15 atamchimbua nani? Watamchimbua hao watatu. Basi pesa yako iende kwenye mafunzo, kila mmoja awe na chombo cha kutoa na kupokea mawimbi ya redio, ufito wa kudunga theluji kumtafuta aliyezikwa, na koleo, na ajue kuvitumia gizani. Mpaka hapo wateleze kwenye njia zilizotengwa.

ZUHURA: Mafunzo ya siku mbili hayampi mtu ujasiri wa kuwaambia wenzake wageuke wakati jua limewaka na theluji ni mpya. Mimi nalipia neno hilo moja, "turudi".

KOMBO: Anayelipwa na wanaotaka kushuka huona uzito kulisema.

ZUHURA: Asiyelipwa huona uzito zaidi, kwa sababu ni rafiki yao. Sikubali.

KOMBO: Nami sikubali.

ZUHURA: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili, na mambo yetu matano hata hatujayagusa.

KOMBO: Soma moja, tusionekane wavivu.

ZUHURA: La kwanza ni kuuliza kama mwongozaji ana kitambulisho cha UIAGM, yaani shirikisho la kimataifa la waongozaji wa milimani, kwa kuwa...

KOMBO: Rubani wa da Gama alikuwa na kitambulisho gani?

ZUHURA: Muda umekwisha.

KOMBO: Pesa je, unatuma?

ZUHURA: Nitampigia simu Athmani baada ya swala ya isha, na wewe utakuwa nyumbani kwako.

KOMBO: Nitakuja. Mwambie asimteke mtu kabla sijafika.