Mkoba Unaoanzia Msituni

Ndugu zangu, mkoba huu upite mikononi mwenu wakati nazungumza. Ubinueni, mwone upande wa ndani. Ni kitanzi kimeshika kitanzi, mwanzo hadi mwisho.

Unaitwa yica. Wanaoufuma ni wanawake wa Wichí, wenyeji wa Gran Chaco, kaskazini mwa Argentina, maeneo ya mito Pilcomayo na Bermejo.

Uzi wake hauanzii dukani. Unatoka kwenye chaguar, mmea wa jamii ya nanasi, wenye majani ya miiba. Haulimwi, huota wenyewe chini ya kivuli cha miti. Akina mama huingia msituni kwa kundi, huung'oa kwa fimbo, huondoa miiba, hubeba majani. Nyumbani huyaponda, huyakwangua mpaka zibaki nyuzi tupu, huziosha na kuzianika juani hadi zing'ae. Halafu mama anakaa chini, ananyoosha mguu, anajipaka jivu pajani, kisha kwa kiganja anasokota nyuzi mbili mpaka zishikane ziwe moja. Mama wa Ukambani anayesokota uzi wa kiondo pajani angemwelewa bila mkalimani. Na hapo hajafuma hata kitanzi kimoja! Ndiyo maana naumia nikisikia mtu anabishania bei ya yica kana kwamba kazi ilianzia kwenye sindano.

Rangi hutoka kwenye magome, mizizi na matunda ya msitu uleule. Na nakshi mnazoziona zina majina: macho ya bundi, gamba la kobe, mbegu za mti wa chañar.

Wawichí husimulia kwamba wanawake wa kwanza walikuwa nyota. Walishuka kwa kamba za chaguar kuchukua chakula cha wanaume. Siku moja kamba zikakatwa, wakabaki duniani. Mimi huikumbuka hadithi hiyo kila nikishika mshipi wa mkoba huu.

Sasa msitu unafyekwa kwa ajili ya soya na ng'ombe, na kivuli kikiondoka, chaguar nayo inaondoka. Tarehe 6 Februari 2020, Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba Argentina iwape Wawichí na majirani zao wenyeji hatimiliki ya pamoja ya hekta 400,000 katika mkoa wa Salta. Iliagiza pia nyua za waya za wafugaji ziondolewe. Ua ukiondoka, mama anakwenda moja kwa moja mpaka kwenye chaguar yake, bila kuzunguka.