Natoa vitu vya watoto ndani, ila si kila kitu nitawatumia nyumbani

Haya familia mambo vipi, karibuni tena. Leo sitoki niko ndani tu, na huku nyuma yangu mnajionea wenyewe, maboksi, midoli, viatu vya kila saizi, kiti cha mtoto cha kufunga kwenye gari, kitanda cha mtoto kimefunguliwa kimeegeshwa ukutani. Watoto wamekua vitu vimebaki. Na wengi mmeshaniandikia, dada usitupe, tutumie huku. Nawasikia na vingi kweli vinakuja, ila kuna kitu nataka tuelewane, maana siipendi kabisa ile tabia yetu sisi tunaoishi nje ya kufagia nyumba alafu yaliyotushinda tunayafunga kwenye boksi tunayaita zawadi. Kama kitu mwanangu hawezi kukitumia leo kikiwa hivyo kilivyo, basi na wako hawezi. Mimi naanzia hapo.

Kwanza wenye vitu ni watoto wenyewe. Jamani usitoe kitu cha mtoto akiwa shule, hata kama hajakigusa mwaka mzima, maana siku akikitafuta akakikosa, kuanzia hapo ataficha kila kitu na hutapata hata soksi. Na usimuulize bado unakitaka, jibu litakuwa ndiyo, kitu kimelala uvunguni huko amekisahau, ukikitoa tu anakumbuka ndo kipenzi chake. Mimi nauliza, hiki tumpe nani? Hapo anaanza kufikiria watu badala ya kufikiria kunyang'anywa. Huyu wangu mdogo alimshika yule sungura wake wa kitambaa, sikio moja limeisha manyoya kwa kunyonywa, akamwangalia weee, akasema huyu haendi. Nikamwambia sawa haendi. Waliobaki akawapanga mstari kwenye kochi mwenyewe, huyu wa fulani, huyu wa mtoto wa mjomba, na yule mkubwa kabisa ambae mimi ningeapa hamwachii, huyo ndo alitoka wa kwanza.

Sasa tuje kwenye vitu ambavyo sitagawa hata mniombe vipi, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kiti cha gari. Kiti cha gari kina mwisho wake, kigeuze chini au nyuma utakuta tarehe kilipotengenezwa, na vingi pia vimeandikwa mwisho wa kutumika, mara nyingi ni kati ya miaka 6 na 10, plastiki inachoka na jua na joto la ndani ya gari. Alafu kama gari lilipata ajali ya maana kiti hicho kimekwisha hata kama kwa macho hakina mkwaruzo, ufa unaweza kuwa ndani huwezi kuuona. Kwa hiyo ukipewa kiti na mtu humjui, hujui historia yake, bora usikichukue. Helmeti ya baiskeli nayo ni hivyo hivyo, lile povu la ndani likishapigwa mara moja limeshafanya kazi yake, siku ya pili halitamlinda mtu. Hivi vyangu nakata mikanda kabisa kabla ya kutupa ili asije mtu akaokota.

Na hiki kitanda hapa ukutani, tulikikuta kwenye nyumba tulipohamia, kimekuwa cha kuwekea midoli tu. Ni vile vyenye ubavu mmoja wa kupandisha na kushusha. Marekani walipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza mwaka 2011, kwa sababu ule ubavu ulikuwa unachomoka, mtoto anabanwa kati yake na godoro, na watoto walikufa. Mtu ataniambia lakini ni mbao nzuri. Ndiyo ni mbao nzuri, mbao nitazitumia kwa kitu kingine, ila kama kitanda hakitoki hapa. Na wewe uliepewa kitanda cha mtoto mahali, pima zile fito, nafasi kati yake isizidi sentimita 6, kichwa au mwili wa mtoto usipenye.

Kingine midoli inayoimba na kuwaka taa. Geuza uangalie pa kuweka betri. Zile betri bapa ndogo kama za saa, mtoto akimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya masaa mawili tu, ni dharura ya kukimbilia hospitali, sio ya kusubiri itoke. Kama kifuniko hakifungwi na skrubu au skrubu imepotea, mimi natoa betri na mdoli wenyewe unaishia hapa. Na vya kuchomeka ukutani, soma chaja kabla hujafunga boksi, ikiwa imeandikwa 100-240V inakubali kote, ikiwa 120V peke yake ukaichomeka kwenye umeme wa huko wa volti 230 inaungua hapo hapo.

Basi baada ya hapo mambo ni mepesi na ndo sehemu naipenda. Lego kwa mfano, zile tofali ndogo za plastiki za kuchezea zinazoshikana, hizo hazizeeki, zilizotengenezwa 1958 bado zinaingiliana na za leo, nazitia kwenye mfuko wa wavu, maji ya uvuguvugu na sabuni, zinaanikwa, zinarudi kama mpya. Michezo ya kupanga vipande vya picha nahesabu vipande kabla, kikikosekana kimoja siitumi, mtoto anahangaika mpaka mwisho anakuta tundu katikati ya picha, sio haki. Viatu nafunga kamba pamoja jozi kwa jozi. Nguo nagawanya kwa umri sio kwa uzuri, zipu naijaribu moja moja, na chenye doa lisilotoka kinakuwa tambara hapa hapa kwangu. Baiskeli nimeipiga picha kabla ya kufungua, nati zote ziko kwenye kamfuko nimekabandika kwa gundi kwenye fremu yenyewe, maana nati zikitangulia kwenye boksi lingine ndo basi tena.

Vikubwa na vizito vinabaki huku kwa majirani wenye watoto, haina maana kusafirisha. Na nyie mnaopokea jamani mna ruhusa ya kukataa, nikikutumia picha ukaona hakikufai sema tu, sitanuna, afadhali kiende kwa mwenye kukitumia kuliko kikakujazie nyumba kwa heshima yangu.

Kwa hiyo usiniandikie dada tuma chochote. Niandikie umri wa mtoto, saizi ya kiatu, na anapenda nini, nitapanga kwa jina. Vitabu vya hadithi vipo vingi sana, shule au mtu mwenye darasa la watoto waniambie mapema niwawekee boksi lao zima kabla sijaanza kugawa kimoja kimoja.