Dua Iliyoandikwa Shingoni mwa Jagi

ZUHURA: Karibu msikilizaji. Mimi ni Zuhura, niko na kaka Salim kama kawaida. Leo tunazungumzia majagi mawili ya maua, kaure ya Kichina, meupe yenye michoro ya buluu. Yamefinyangwa mwaka 1351 na sasa yako London, British Museum. Ulimwenguni yanajulikana kama majagi ya David.

SALIM: David ni jina la aliyeyanunua, Percival David, tajiri aliyezaliwa Bombay mwaka 1892. Alikusanya vyombo vya Kichina vipatavyo 1,700. Na majagi haya hakuyakuta pamoja, dada. Yalikuwa yameshatengana, yeye akapata moja kwa mtu huyu, la pili kwa mwingine, miaka baadaye. Akayakutanisha tena.

ZUHURA: Hebu mchoree msikilizaji yanavyoonekana.

SALIM: Ni marefu, yanapita kidogo sentimeta 63. Ukiliweka moja sakafuni linakuvuka goti. Masikio yake ni vichwa viwili vya tembo. Mdomoni kuna maua, chini ya maua kuna majani ya mgomba yamesimama wima kuzunguka shingo, kisha ndege feniksi wakiruka kwenye mawingu. Tumboni, mahali penye nafasi kubwa, kuna joka refu lenye kucha nne kila mguu, linajipinda mawinguni. Chini yake mawimbi ya bahari, halafu maua tena.

ZUHURA: Na katikati ya hayo majani ya mgomba kuna maandishi.

SALIM: Hapo ndipo penye roho ya chombo. Ni maandishi ya Kichina, yamepakwa kwa buluu ileile. Yanasema kwamba Zhang Wenjin, wa wilaya ya Yushan, anatoa chetezo kimoja na majagi mawili ya maua kwa ajili ya Jenerali Hu Jingyi, aliyekuwa akiabudiwa kama mungu, katika hekalu lake huko Xingyuan. Anaomba familia yake yote ilindwe na ibarikiwe, na watoto wake wa kiume na wa kike wawe na amani. Mwisho ameweka tarehe: siku njema ya mwezi wa nne, mwaka wa 11 wa enzi ya Zhizheng. Ndio mwaka 1351 huo.

ZUHURA: Mimi kila nikisoma maneno yale moyo unanisimama. Mtu ametaja kijiji chake, kata yake, wilaya yake, kana kwamba anahofia dua isije ikapotea njia. Na kinachoombwa ni watoto wawe salama. Mama yangu anaomba hivyohivyo kila alfajiri.

SALIM: Na ulikuwa mwaka mgumu. 1351 ndio mwaka yalipozuka maasi ya Vilemba Vyekundu dhidi ya utawala wa Wamongolia, nasaba ya Yuan. Kufika 1368 nasaba hiyo ilikuwa imeanguka, wakaingia Ming.

ZUHURA: Chetezo je? Amesema vitu vitatu.

SALIM: Hakijaonekana mpaka leo. Yamebaki majagi peke yake. Hata pete zilizoning'inia kwenye masikio ya tembo hazipo tena.

ZUHURA: Tueleze kazi ya mikono, kwa sababu watu wanafikiri buluu hii inapakwa juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa.

SALIM: La, hasha. Yalitengenezwa Jingdezhen, mji wa wafinyanzi katika jimbo la Jiangxi. Wanachanganya udongo mweupe na jiwe lililosagwa, wanafinyanga, chombo kinakauka. Kabla hakijaona moto, mchoraji anachovya brashi kwenye unga wa madini ya kobalti uliokorogwa na maji. Udongo mkavu unafyonza rangi papo hapo. Ukikosea mkunjo wa kucha ya joka, hufuti. Na wakati huo rangi haina ubuluu wowote, ni kijivu cheusi kilichofifia. Mchoraji anachora joka la buluu bila kuiona buluu! Kisha chombo chote kinapakwa uji wa madini unaogeuka kioo, kinaingia tanurini kwenye joto la nyuzi kama 1,300 hivi. Buluu inazaliwa mle ndani, chini ya kile kioo. Ndiyo maana karne saba karibu zimepita na haijachubuka.

ZUHURA: Na kobalti yenyewe ilitoka Uajemi.

SALIM: Uajemi, naam. Ikasafiri mpaka China, ikarudi magharibi ikiwa tayari sahani na majagi. Wanunuzi wakubwa walikuwa watu wa nchi za Kiislamu.

ZUHURA: Sasa kwa nini majagi haya yanatajwa kila mahali, wakati yapo mengine mengi mazuri?

SALIM: Kwa sababu ya tarehe. Zamani wataalamu wengi waliamini kaure bora ya buluu na nyeupe ilianza na Ming. Mwaka 1929 mtaalamu Hobson wa British Museum akaandika kuhusu majagi haya. Kumbe kazi ilikuwa imekomaa kabla ya Ming! Kisha miaka ya 1950 Mmarekani John Pope akachukua michoro yake, yale mawimbi, majani, joka, akailinganisha na vyombo vya jumba la Topkapi, Istanbul, na vile ambavyo Shah Abbas, mfalme wa Uajemi, aliviweka wakfu Ardabil, huko huko Uajemi, mwaka 1611. Vyombo visivyo na tarehe vikapata umri kwa kufananishwa na majagi ya Zhang Wenjin.

ZUHURA: Na huku kwetu Pwani elimu hiyo ina kazi. Kaure ya China imechimbuliwa Kilwa, imechimbuliwa Gedi. Lamu wenye nyumba waliipanga kwenye zidaka. Kunduchi na Mambrui waliijengea kwenye makaburi, bakuli linakandikwa chokaa pale pale ukutani.

SALIM: Gedi tuna bahati zaidi, kuna Kaburi la Tarehe, limechongwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Jiwe lenye tarehe upande mmoja, kaure upande wa pili, vinasaidiana kutueleza mji uliishi lini.

ZUHURA: Ila makaburi mengi sasa ni matundu matupu. Mabakuli yamebanduliwa. Hili linaniuma sana, Salim. Aliyebandua ameondoka na kisahani kilichopasuka, na kaburi limepoteza ushahidi wa umri wake.

SALIM: Na kisahani nacho kimepoteza. Kikiwa kwenye kabati la mtu hakuna anayejua kilitoka kaburi gani wala mji gani.

ZUHURA: Basi msikilizaji wa Pwani, ukikuta kigae cha buluu na nyeupe kwenye magofu au ufukweni, kiache palepale. Kipige picha, pamoja na mahali kilipo, uwapelekee watu wa makumbusho walio karibu nawe.

SALIM: Na kama unacho nyumbani, cha bibi au cha babu, waulize wazee leo kilifikaje, uandike.