TIG: Mkono Ukitetemeka, Anza Hapa

Niaje machalii wa Chuga, na nyie wengine wote! Niko Unga Limited, hapa Arusha, asubuhi ya Julai, baridi imekaza vidole. Siku nzuri ya kuongelea mkono kwenye TIG, yaani kuchomelea kwa umeme: mkono mmoja unashika tochi yenye ncha ya tungsteni inayoyeyusha chuma, gesi ya agoni inakifunika, mkono wa pili unaongeza waya.

Mashine tayari: DC, tochi kwenye hasi, stenlesi ya milimita 2, ampia 65, agoni lita 8 kwa dakika, tungsteni ya milimita 1.6. Twende.

Kaa kwanza. Ukisimama na mkono unaning'inia kama unasimamisha daladala, lazima utetemeke. Mimi naweka kipande cha chuma chenye kimo sawa na kazi, kidole kidogo kinatambaa juu yake. Sasa pitisha tochi bila moto, mwanzo hadi mwisho. Umeona? Kiwiko kimegonga jiliwa katikati ya njia. Bora kigonge sasa.

Tochi ilaze nyuma kidogo, nyuzi 15 hivi, ncha iwe milimita 2 juu ya chuma. Isiguse kidimbwi, yaani chuma kilichoyeyuka. Isiguse!

Haya, mkono wa waya, na hapa ndipo wengi wanachemka. Wanasukuma kwa bega zima. Bega lipumzike. Waya ukae kati ya kidole cha shahada na cha kati, gumba juu yake. Gumba linasukuma, vidole viwili vinabana, gumba linarudi nyuma. Tena. Nilifanyia mazoezi kwa kalamu kwenye daladala ya Sakina mpaka konda akaniuliza kama naumwa. Waya mzima ni mita 1, unachezacheza sana, ukate katikati.

Glovu hizi laini za ngozi ya mbuzi nauza mwenyewe, sifichi. Lakini hata usiponunua kwangu, zile nene za welding ya kawaida achana nazo, waya huusikii.

Sasa sikiliza. Gumba linaporudi nyuma, mkono wa tochi nao unataka kucheza. Hapo ndipo tungsteni inapogusa. Kwenye tenki la maziwa la mteja niliinoa mara 11 kwa mshono mmoja. Kwa hiyo waya ukiisha vidoleni, usihangaike, simama, panga upya.

Nawasha. Subiri kidimbwi king'ae... chovya, sogea. Chovya, sogea. Ncha ya waya isitoke nje ya agoni, ikitoka inaungua na unaiingiza hivyohivyo kwenye mshono. Chovya... nani kafungua geti? Dogo, funga, upepo unabeba ge— aah! Imegusa. Kamera imenasa, sikati, mwone. Nimegeuza kichwa, mkono ukafuata kichwa.

Haraka basi. Zima, noa. Mistari ya jiwe iende kwa urefu kuelekea ncha, usizungushe kama unachonga penseli, moto utatangatanga. Na pale ilipogusa, saga pia, usipitie juu yake.

Tunarudi. Geti limefungwa, dogo amenuna. Chovya, sogea... chovya, sogea... angalia rangi, dhahabu dhahabu, hiyo ndiyo stenlesi iliyofunikwa vizuri na agoni. Pale kwenye upepo ni kijivu, nitaisaga.

Mwisho wa mshono: punguza moto polepole kwa pedali, ongeza tone la waya shimo lijae. Moto umezima, lakini mkono usinyanyue! Agoni bado inatoka, inapoza tungsteni na mshono. Tulia hapohapo. Tano, sita, saba... bado inapuliza, unasikia? Nane. Imekata. Nyanyua.